Umeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito? Andaa ushahidi hivi kabla ya kwenda CMA

Kazi yangu ni kuwawakilisha wafanyakazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kinachoniuma zaidi ni kuona dada mwenye haki yake akishindwa kwa sababu alifuta meseji za bosi kwa hasira. Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro. Malalamiko mengine, kama kunyimwa cheo, siku 60. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa.

Hatua ya 2: Jaza Fomu Na. 1 ya CMA, ya kupeleka mgogoro. Usiandike tu "nimeonewa". Andika ubaguzi, na utaje ni wa ujauzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaja ujauzito waziwazi, sambamba na jinsia, dini, kabila na ulemavu. Mpe mwajiri nakala, na utunze uthibitisho kwamba ameipokea.

Hatua ya 3: Jenga msingi. Hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka. Ukionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea. Lakini hauhami kwa machozi. Panga tarehe. Barua yako ya kumjulisha kuhusu ujauzito ilipokelewa lini? Barua ya kuachishwa ilifuata baada ya siku ngapi? Je, mwenzako mwenye kosa hilohilo alipewa onyo tu? Mtafute huyo mwenzako mapema, kabla hajaanza kuogopa.

Hatua ya 4: Linda meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa WhatsApp, ila mwamuzi atataka kujua ulitengenezwa na kutunzwa vipi, na aliyetuma ni nani. Kwa hiyo usiuze simu wala usifute kitu. Chapisha mazungumzo yote, namba na tarehe zionekane. Ukikata kipande, wakili wa mwajiri atasema umechezea. Uwe tayari kueleza mwenyewe, chini ya kiapo, ulivyoyachapisha.

Jambo hili wengi hawalijui: karatasi uliyoambatisha kwenye fomu bado si ushahidi. Inakuwa ushahidi pale shahidi anapoitoa na mwamuzi akaipokea kama kielelezo. Upande wa pili ukiweka pingamizi, usibishane nao. Jibu hoja, kisha subiri uamuzi mdogo, yaani wa pingamizi hilo tu.

Na mkataba ukiwa kabatini kwa mwajiri? Mtake kwa maandishi aulete. Akishindwa, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake.

Hatua ya 5: Usuluhishi, kisha uamuzi. Usuluhishi huchukua hadi siku 30, na mnayozungumza humo hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo zungumza kwa uhuru. Msipopatana, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa mwisho. Usipoiafiki, una wiki 6 tangu uipokee kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.