Kupima wanga kwenye jani: hatua kwa hatua, na saa ya kulichuma

Juzi usiku mwenzangu wa chuo, aliye kwenye mazoezi ya kufundisha upande wa Wete, Pemba, alinipigia simu. Kesho yake ana kipindi cha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na kila akijaribu kupima wanga kwa iodini, jani halibadiliki rangi. Nilimuuliza swali moja tu: "Umelichuma saa ngapi?" Haya ndiyo niliyomwelekeza.

1. Ijaribu iodini kwanza. Nunua tincha ya iodini duka la dawa. Mimi naiamini kuliko chupa ya maabara iliyokaa miaka. Izimue kwa maji mpaka ifanane na strungi (chai isiyo maziwa), kisha dondoshea kipande cha muhogo mbichi, ambao una wanga. Kikiwa cheusi chenye ubuluu, iodini ni nzima.

2. Tumia matembele, majani ya kiazi kitamu. Ni laini na yapo kila konde. Pemba mkono hukimbilia mkarafuu kwa kuwa ndio ulio karibu, lakini jani lake ni gumu na lina nta. Spiriti ya kutolea rangi ya kijani haipenyi upesi.

3. Chuma jani baada ya adhuhuri. Hapa ndipo nilipopoteza vipindi viwili vizima. Nilikuwa mkondo wa asubuhi, nachuma saa moja na nusu njiani nikienda skuli, nafanya kila kitu kama kitabu kinavyosema, na jani linabaki na rangi ya kahawia ya iodini. Nikailaumu iodini, nikabadilisha spiriti, nikachemsha zaidi. Kosa halikuwa huko. Jani hutengeneza wanga mchana kwenye jua. Usiku wanga ule huvunjwa ukawa sukari, nyingine hutumiwa na jani lenyewe na nyingine husafirishwa sehemu nyengine za mmea. Alfajiri ghala linakaribia kuwa tupu.

Kwa hiyo, ukiwa mkondo wa mchana, chuma saa saba au saa nane baada ya jua la kutosha. Ukiwa mkondo wa asubuhi, chuma jana yake mchana na *papo hapo* litie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Usilibebe kwenye mfuko hadi jioni, maana jani bichi lililo gizani huendelea kuutumia wanga wake. Maji ya moto huziua seli na kazi hiyo husimama. Wakati wa masika, mawingu yakitanda siku nzima, ahirisha. Jani lenye wanga kidogo huwachanganya watoto kuliko kukosa jaribio.

4. Toa rangi ya kijani bila moto darasani. Mvuke wa spiriti huwaka upesi, na seredani (jiko la makaa) kati ya watoto arubaini sikubaliani nayo hata kidogo. Chukua maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai, yamimine bakulini, tia ndani yake gilasi yenye spiriti na jani. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo maji hayo yanatosha. Yakipoa, badilisha. Jani likishakuwa jeupe litoe.

5. Lichovye maji ya moto lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini. Penye wanga patakuwa peusi penye ubuluu, kama ule muhogo.



Siku hizi nachuma majani mawili ya mmea mmoja: moja la mchana, moja la alfajiri, yote nayachemsha pale pale. Nayaweka sahani moja, kisha nawauliza wanafunzi wanga wa jani la pili umekwenda wapi. Wakishabishana vya kutosha, natoa kiazi kitamu cha shina lile lile, nakikata, na mmoja wao anakidondoshea iodini.