Mpira wa mashine ya kukamua unachakaa kabla hujauona umepasuka

Jamani wafugaji mliohamia kwenye mashine ya kukamulia, hasa hizi za ndoo moja, angalieni sana ile mipira ya ndani ya vikombe inayoshika chuchu. Wengi wanasubiri mpaka ipasuke ndo wabadilishe, na hapo ng'ombe kashaumia zamani. Mpira wa kawaida mweusi unabadilishwa baada ya kukamua mara 2,500 hivi au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Sasa piga hesabu, una ng'ombe 10 unakamua asubuhi na jioni kwa mashine hiyo hiyo moja, hiyo ni mara 20 kwa siku, kwa hiyo siku ya 125 mpira umekwisha kazi yake, miezi 4 tu na kidogo, hata kama kwa nje unang'aa.

Ukitaka kujua, ingiza kidole ndani upapase, ukikuta vinyufa au pamekwaruza basi ndo bakteria wanajificha humo na sabuni haiwafikii. Pia mtazame ng'ombe ukitoa tu vikombe, chuchu ikiwa na alama ya duara juu, au ncha imekuwa ngumu, au rangi imegeuka ya bluu, usikae kimya, kagua mipira na mwite fundi apime nguvu ya uvutaji. Halafu badilisha yote minne kwa pamoja tafadhali, sio mmoja mmoja. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na dawa za kiwele na maziwa ya kumwaga.