Namna ya kupima umahiri wa mwanafunzi wa uzamivu katika saikolojia ya ushauri nasaha

Mwanafunzi anayefikia ngazi ya uzamivu katika saikolojia ya ushauri nasaha amekwisha kufaulu mitihani mingi ya kuandika, kwa hiyo kumwongezea mtihani mwingine wa aina hiyo hakumpi mtahini habari mpya. Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba kutoka Marekani, alipanga upimaji katika ngazi nne, kwamba mtu anajua, anajua namna, anaonyesha namna, kisha anatenda. Insha na maswali ya ana kwa ana hugusa ngazi mbili za chini. Maelezo haya yanahusu zile mbili za juu, kwa sababu ndizo anazokutana nazo mteja.

Kwanza amua mwanafunzi yuko hatua gani. Vigezo vya umahiri vilivyochapishwa Marekani mwaka 2009, kwa kazi iliyoratibiwa na chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo, vinatenganisha utayari wa kuanza mafunzo kwa vitendo, utayari wa kuingia utarajali, na utayari wa kuanza kazi. Mgawanyo huo unafaa kuazimwa hata pale ambapo chuo kina vigezo vyake, maana anayeonana na mteja wake wa tano hapimwi kwa kipimo cha anayekaribia kuhitimu. Kisha andika kila kigezo kama tendo linaloonekana. "Ana huruma" ni sifa ambayo kila mtahini ataitafsiri apendavyo, ilhali "hurudia kwa maneno yake alichosema mteja kabla ya kuuliza swali jingine, na humpa mteja nafasi ya kumsahihisha" ni jambo ambalo watu wawili wanaweza kulitazama na kukubaliana kuwa limetokea au halikutokea.

Baada ya hapo tazama kikao chenyewe, ama papo hapo ama kwa rekodi. Masharti ya ithibati ya programu za uzamivu nchini Marekani yanataka tathmini ya mafunzo kwa vitendo itokane, kwa sehemu, na kumwona mwanafunzi akifanya kazi. Ridhaa ya mteja iombwe kabla ya kikao, kwa lugha anayoielewa, naye aambiwe wazi kwamba akikataa kurekodiwa huduma yake haitapungua. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, hivyo rekodi haipaswi kuzunguka kwenye simu ya mwanafunzi. Usimwachie mwanafunzi achague vikao vyote, kwa kuwa ataleta vile vilivyomwendea vizuri. Yeye achague kimoja, wewe uchague viwili.

Chukua mfano ninaopenda kuutumia katika kuwaandaa watahini. Katika dakika ya 20 mteja, mama wa makamo aliyekuja kwa sababu ya madeni, anasema, "Mimi nimechoka na dunia, mwanangu." Mwanafunzi anajibu, "Pole sana mama, jipe moyo, maisha ndivyo yalivyo," kisha anauliza mkopo ulikuwa wa kiasi gani. Katika ripoti anaandika kwamba mteja hakuonyesha dalili za kutaka kujiua. Msimamizi anayesoma ripoti peke yake angempitisha, tena kwa alama nzuri, kwani ripoti imepangika vyema. Kauli ile inaweza kuwa uchovu wa kawaida na inaweza kuwa tamaa ya kufa, na hakuna njia ya kuzitenganisha isipokuwa kuuliza: "Mama, unaposema umechoka na dunia, kuna wakati unafikiria kufa, au kujiua?" Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mwanafunzi mahiri angeendelea kuuliza kama kuna mpango, kama nyumbani kuna sumu ya shambani au dawa nyingi, na ni nani anayeweza kuwa naye usiku huo. Hata akitumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, ambalo swali lake la tisa linahusu mawazo hayo, sifuri kwenye karatasi haifuti kauli iliyosikika. Mtahini anayekuta jambo kama hili asisubiri kikao cha tathmini. Ahakikishe mteja anatafutwa siku hiyohiyo.

Kwa hali nzito ambazo huenda zisitokee katika muda wa mafunzo, kama mtoto anayefichua kwamba anadhulumiwa nyumbani, tumia mteja wa kuigiza. Mtihani wa vituo vyenye hali zilizopangwa ulianzishwa Dundee, Uskoti, katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, na unafaa pia kwetu, mradi mwigizaji afundishwe kuigiza kwa namna ileile kwa kila mwanafunzi.

Watahini wawe wawili, na kila mmoja ajaze alama zake kabla hawajazungumza. Sababu kubwa hapa ni muhali. Msimamizi aliyemlea mwanafunzi kwa miaka miwili, akala naye na kujua shida zake, huona vigumu kuandika kwamba hajafikia kiwango, na mara nyingi husogeza tatizo mbele kwa msimamizi anayefuata. Shukrani za mteja nazo zipokewe kwa tahadhari, kwa kuwa watu wetu humshukuru hata asiyewasaidia.

Kabla ya kumpa alama, mwonyeshe mwanafunzi sehemu ya rekodi, isimamishe, umuulize alikuwa anafikiri nini wakati ule. Anayesema "niliogopa jibu lake" anafundishika kwa urahisi kuliko anayetetea kila neno, na tofauti hiyo iandikwe kwenye fomu.

Uamuzi utolewe kwa maandishi. Kwa mwanafunzi wa mfano wetu, mpango wa marekebisho ungetaja kwamba hatapokea mteja mpya bila msimamizi kuwepo, kwamba atafanya mazoezi ya tathmini ya hatari na wateja watatu wa kuigiza, na kwamba mtahini ambaye hakuhusika mara ya kwanza atatazama kikao kingine baada ya wiki sita. Mpango huo utaje pia kitakachofuata asipofaulu, naye autie saini baada ya kuusoma.