Kunakili Diski Nzima ya Kompyuta kwa Flashi ya Kuwashia

Hewa ya bahari hapa Lamu ina chumvi na unyevu ambavyo hula vyuma vya kompyuta polepole, na umeme unaokatika na kurudi ghafla unaweza kuiharibu diski kwa mara moja. Nyumba ya wageni inayoweka daftari lake kwenye kompyuta, au studio yenye picha za harusi za miaka mingi, haifai kutegemea faili zilizonakiliwa moja moja, kwa kuwa mfumo endeshi, programu na mipangilio yote italazimika kusakinishwa upya. Lililo bora ni kunakili diski nzima wakati Windows imezimwa, kwa kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi.

Tafuta flashi ya gigabaiti 8, ukijua kwamba vyote vilivyomo vitafutika, pamoja na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Kwa anayeanza napendekeza Rescuezilla, programu ya bure yenye vitufe vya kubofya, ingawa Clonezilla ina uwezo mpana zaidi kwa aliyezoea menyu za maandishi. Faili ya ISO ya Rescuezilla, yaani faili moja iliyobeba programu nzima, ni kubwa, basi ipakue penye intaneti nzuri. Flashi moja yaweza kuhudumia ofisi kadhaa. Iandike ISO hiyo kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher, kwa maana ukiinakili kama faili ya kawaida, kompyuta haitawaka kutoka humo.

Kabla ya kuanza, kagua BitLocker, kifungio cha Windows kinachoficha data za diski kwa asiye na ufunguo. Baadhi ya kompyuta za Windows 11 hufungwa nayo bila mwenyewe kutambua, na programu ya kunakili isipoweza kusoma kilichomo hulazimika kuchukua diski yote, hata sehemu zilizo tupu, hivyo nakala hukaribia ukubwa wa diski yenyewe. Andika kwenye karatasi ufunguo wake wa kurejesha, wenye tarakimu 48, kwa sababu Windows inaweza kuuomba baada ya kurejeshwa, na asiyekuwa nao hatazifikia data zake. Kisha zima kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift, ili Windows ijizime kikamilifu badala ya kujihifadhi nusu.

Chomeka flashi, washa kompyuta na ubonyeze kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP nyingi. Rescuezilla ikifunguka, chomeka diski ya nje na uchague kuhifadhi nakala. Hapa usiharakishe. Majina ya diski hayatakuwa yale ya C au D uliyoyazoea, kwa hiyo zitambue kwa ukubwa na kwa jina la mtengenezaji, na uhakikishe kwamba chanzo ni diski ya ndani na inayopokea nakala ni ile ya nje. Ipe nakala jina lenye tarehe na jina la kompyuta. Gigabaiti 200 kupitia tundu la USB 2 huweza kuchukua saa mbili hivi, basi kompyuta ndogo iwe imechomekwa huku betri imejaa, na ya mezani iwe kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba umeme ukikatika.

Kazi ikimalizika, tumia sehemu ya kuthibitisha nakala iliyomo ndani ya Rescuezilla. Ikiwa unayo diski ya akiba, ijaribu nakala kwa kuirejesha humo. Diski hiyo ya akiba lazima iwe na ukubwa sawa na ya awali au zaidi, na vyote vilivyomo vitafutika. Kwangu mimi, nakala isiyojaribiwa bado haijakamilika. Diski ambayo tayari inatoa milio isiyo ya kawaida haifai kupitishwa njia hii. Acha kuitumia na umpelekee fundi.

Diski ya nje ifungwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na isikae jengo moja na kompyuta: ofisi ikiwa Mkomani, diski ikae Langoni au Shela kwa ndugu unayemwamini, nayo karatasi ya ufunguo ihifadhiwe mahali pengine.