Warsha ya udhibiti wa mitambo: anza na dumu la maji

Warsha ya nadharia ya udhibiti ikianza na projekta, mafundi huandika, hunywa chai, kisha Jumatatu wanarudi kiwandani kuzungusha namba za PID, yaani zile tatu (P, I na D) zinazoamua kidhibiti kirekebishe mtambo kwa nguvu gani, kwa kubahatisha kama zamani. Mimi hufundisha mafundi wa vipimo wa viwanda vya Barabara ya Nyerere na Mandela, Dar es Salaam, na warsha zangu za siku mbili huanza na maji. Nadharia ngumu inakuja, tena yote, ila inakuja mtu akiwa na mchoro aliouchora kwa vipimo vyake mwenyewe.

Kila kundi la watu watatu lipate dumu la lita 10 lililokatwa juu na kutobolewa tundu la milimita 10 karibu na kitako, ndoo ya kupokea maji, pampu ya volti 12 inayosukuma lita 8 au 9 kwa dakika, saketi ndogo ya kuiendeshea, kompyuta ndogo ya saketi moja iitwayo Arduino Uno, na sensa ya HC-SR04 inayopima kina kwa mwangwi. Kariakoo utavipata vyote. Pampu itumie betri, usivute umeme wa ukutani: sakafu italowa, na umeme ukikatika somo linaendelea. Usikubali watu wanne kwa dumu moja, wa nne huishia kwenye simu yake. Tangaza saa mbili asubuhi, foleni itakuletea watu saa tatu.

Kuna jambo la joto letu. Mifano mingi ya programu huchukua mwendo wa sauti kuwa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa nyuzi 20. Chumba cha Dar kikifika nyuzi 32, sauti inakwenda karibu mita 351. Maji yakiwa sentimita 30 chini ya sensa, utasoma pungufu kwa karibu milimita 7. Usiwaambie mapema. Wape rula wapime, waone tofauti, waitafutie sababu. Kidhibiti hakiwezi kuwa sahihi kuliko sensa yake, na hapo ndipo wanapoliamini hilo.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo ndilo moyo wa siku ya kwanza. Endesha pampu kwa asilimia 50 hadi kina kitulie, tuseme sentimita 10. Ipandishe ghafla hadi 55, na mtu yeyote asiguse kitu kwa dakika 8 hadi 10. Kina kitapanda haraka, kisha polepole, na kutulia karibu na sentimita 12. Gawanya: sentimita 2 kwa asilimia 5 ni 0.4, hiyo ndiyo geini. Muda wa kufika asilimia 63 ya safari, yaani sentimita 11.3 hivi, ndio muda wa mwitikio. Kwa dumu hili huwa karibu sekunde 120. Ucheleweshaji kabla maji hayajaanza kupanda tuuweke sekunde 5.

Sasa tupate namba za PID. Wengi watakuja na kanuni ya kuzichagua ya Ziegler na Nichols, ya mwaka 1942. Ina heshima yake, lakini huacha mtambo ukiyumba kupita kiasi. Mimi hufundisha kanuni ya Sigurd Skogestad wa Norway, ya mwaka 2003. Chagua kasi unayoitaka ya kufikia lengo, mathalani sekunde 25. Ijumlishe na ucheleweshaji, upate 30. Zidisha 0.4 kwa 30, upate 12, kisha gawanya 120 kwa 12, upate geini ya kidhibiti: 10, yaani asilimia 10 za pampu kwa kila sentimita ya kosa. Muda wa I, sehemu inayolimbikiza makosa, ni ule mdogo kati ya 120 na mara nne ya 30, nao pia ni 120. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye vijana walikuwa wanamwamkia shikamoo mlangoni, alitazama maji yakitulia kwenye lengo bila kupitiliza, akasema: "Mwalimu, kumbe namba hizi zina wazazi." Zina wazazi, ndiyo.

Uliza baadaye: kina kikiwa sentimita 20 badala ya 5, nini kinabadilika? Maji hutoka tunduni kwa kufuata kipeuo cha pili cha kina, kwa hiyo kina mara nne kinafanya muda wa mwitikio uwe mara mbili. Geini ya dumu nayo inakuwa mara mbili. Vinakatana, na geini ya kidhibiti inabaki 10 ileile. Weka ndoo iliyotanuka juu mahali pa dumu, na havikatani tena. Mpe kila mtu nafasi ya kulifikia hilo kwa kalamu.

Kisha rudisha kina kwenye sentimita 10, ubane mpira wa pampu kwa vidole dakika moja. Kina kinaanguka hadi karibu sentimita 2.5, pampu imefika asilimia 100, na I inaendelea kulimbikiza makosa. Achia. Maji yatapita lengo na kukaa juu. Ongeza mstari mmoja wa programu unaozuia I kujumlisha pampu ikiwa imefika mwisho, urudie. Valvu ikifungwa kwenye kituo cha maji, hali huwa hiyohiyo.

Siku ya pili weka dumu juu ya dumu na sensa moja tu. Iweke chini. Maji yanateremka na habari za dumu la juu, kwa hiyo kichujio cha Kalman, hesabu ya mwaka 1960 inayounganisha modeli na vipimo, kinaweza kukisia kina cha juu bila kukipima. Sensa ikiwa juu, la chini halionekani kabisa. Udhibiti wa kutabiri, unaotumia modeli kuona mbele kabla ya kuamua, uliokulia kwenye viwanda vya kusafisha mafuta miaka ya 1970, utaingia mchana bila shida kwa kuwa modeli mnayo tayari na mipaka ya pampu mmeiona.

Kabla ya kuagana, kila mmoja aandike kitanzi kimoja cha udhibiti (sensa, kidhibiti na valvu) cha kazini kwake atakachokipima: ruhusa ataomba kwa nani, valvu ataisogeza asilimia ngapi, na operata gani atasimama naye. Asilimia 2 inatosha kuanzia, uzalishaji ukiwa umetulia.