Hatua za Kujikinga na Homa ya Mgunda kwa Anayelazimika Kuingia Majini

Mwongozo huu unamhusu mkulima wa mpunga, mvuvi wa bwawani, mchimba mchanga wa mtoni na mzazi ambaye watoto wake huogelea lamboni, yaani watu ambao hakuna maana kuwaambia waepuke maji. Mimi ni afisa tabibu katika eneo la kilimo cha mpunga, na ugonjwa ninaouzungumzia ni homa ya mgunda, ambayo kitaalamu huitwa leptospirosisi. Bakteria wake hukaa katika figo za panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa, hutoka kwa njia ya mkojo, na katika maji yasiyo ya chumvi au udongo wenye unyevu huweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi. Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilithibitisha mlipuko wake wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambako watu 20 waliugua na 3 kati yao wakafariki. Kabla ya majibu ya maabara kutoka, watu waliuita ugonjwa usiojulikana.

Hatua ya 1: Yapime maji kwa mazingira yake, wala si kwa rangi yake. Maji maangavu yanaweza kubeba bakteria sawasawa na yale ya tope. Tazama kama mifugo hunywea hapo, kama kuna mashimo ya panya kwenye kingo za jaruba, na kama mvua kubwa imetoka kunyesha, kwa sababu mvua huosha mkojo uliokuwa juu ya ardhi na kuupeleka bondeni. Maji ya mafuriko yaliyotuama karibu na makazi ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote.

Hatua ya 2: Kagua ngozi yako kabla ya kuingia. Bakteria hawa hupitia kwenye michubuko, vipele vilivyokunwa, fangasi wa katikati ya vidole na magaga ya visigino, ambayo watu wengi hawayahesabu kuwa vidonda. Funika kila penye jeraha kwa plasta isiyopitisha maji. Kitambaa hakifai, kwa kuwa hunyonya maji na kuyashikilia juu ya kidonda. Vaa gambuti zima. Gambuti lililotoboka huuloweka mguu kutwa nzima, na ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hulainika na kuwa rahisi kupenywa. Mwenye kidonda kikubwa kilicho wazi ampe mwenzake kazi ya majini hadi kipone.

Hatua ya 3: Ukiwa majini, linda macho, pua na mdomo. Usinawe uso kwa maji hayo, usisukutue, na usifikiche macho kwa mikono iliyolowa. Ujana na afya njema havitoshi kuwa kinga: mwaka 2000 wanamichezo wengi wa mashindano ya Eco-Challenge huko Sabah, Malaysia, waliugua ugonjwa huu, na uchunguzi ulionyesha uhusiano kati ya kuugua na kuogelea katika Mto Segama.

Hatua ya 4: Oga mara tu utokapo. Tumia sabuni na maji safi, na uoshe kila mchubuko mpya kwa maji yanayotiririka. Kama umejikata kwa jembe au chupa, uliza zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa wasomaji wa Pwani niongeze jambo moja: katika maji ya bahari yenye joto, hasa karibu na mito inapoingia baharini, kuna bakteria wengine, jamii ya vibrio, ambao kwa nadra huingia kidondani na kuharibu nyama kwa kasi. Kidonda cha baharini kinachovimba, kuuma kupita kiasi na kubadilika rangi kifikishwe hospitali siku hiyohiyo, hasa kwa mgonjwa wa ini au kisukari.

Hatua ya 5: Andika tarehe uliyoingia majini. Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo inayookoa. Dalili huanza kati ya siku 2 na 30, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 14, wakati ambapo mgonjwa ameshasahau bwawa na anaihusisha homa yake na mbu.

Hatua ya 6: Homa ikianza, nenda na tarehe hiyo kituoni na uitaje bila kusubiri kuulizwa. Utafiti wa hospitalini Moshi uliochapishwa mwaka 2013 ulichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini walioumwa malaria kweli walikuwa 14 tu, na homa ya mgunda ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyopita bila kutambuliwa. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikitoka hasi, usiridhike na kurudi nyumbani na dawa ya maumivu. Eleza kama misuli ya vigimbi na kiuno inauma hata kuguswa, na kama macho ni mekundu bila kutoa tongotongo.

Ugonjwa ukishukiwa, daktari anaweza kuanza antibiotiki kabla ya majibu ya maabara: doksisaiklini kwa hali ya kawaida, penisilini au seftriaksoni ya sindano kwa hali mbaya. Usijinunulie dukani, kwani mjamzito na mtoto mdogo huchaguliwa dawa kwa uangalifu zaidi. Usidanganyike pia homa ikipoa kwa siku chache, maana inaweza kurudi ikiwa imeshambulia ini, figo au mapafu. Macho kuwa ya manjano, mkojo kupungua, kukohoa damu, kutokwa damu puani au kupumua kwa shida ni dalili za kukimbizwa hospitali kubwa usiku huohuo.

Mwisho, mtajie mhudumu wote mlioingia nao maji yaleyale, ili wenye homa wafuatwe mapema na wasio nayo waambiwe dalili za kuangalia hadi siku 30 zipite.