Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kushinda Siku Moja Istanbul

Mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki anayesoma katika miji ya Uturuki kama Ankara, Konya au Kayseri mara nyingi huenda Istanbul kwa siku moja tu: hupanda basi la usiku, hushuka alfajiri, huzunguka mchana kutwa, kisha jioni huanza safari ya kurudi. Ratiba ya namna hiyo haitoi nafasi ya kusahihisha kosa, na mikasa mingi inayowapata wanafunzi huko hutokana na mambo ambayo yangeamuliwa mapema kabla ya kukata tiketi.

La kwanza kuamuliwa ni siku ya juma. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, Kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, na soko la Kapalıçarşı, ambalo wengi huliacha mwisho ili wanunue zawadi, halifunguliwi Jumapili. Ijumaa nayo ina utaratibu wake, kwa kuwa Msikiti wa Sultanahmet hauwapokei watalii mpaka sala ya Ijumaa imalizike, na hata siku nyingine mlango wao hufungwa kila wakati wa sala. Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikageuzwa msikiti mwaka 1453, ikafanywa makumbusho katika miaka ya 1930 na kurudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, inawatoza watalii wa kigeni euro 25 tangu Januari 2024, nao hupandishwa roshani ya juu peke yake. Anayekwenda kusali huingia sakafu ya chini bila malipo. Kwa anayeishi kwa posho ya ufadhili, fedha hizo si kidogo, hivyo ni vema aamue akiwa bado bwenini kama atazitoa au ataridhika na Sultanahmet, ambako haitozwi hata senti. Popote aingiapo msikitini atavua viatu, na mwanamke atajifunika kichwa. Mtandio na mfuko wa kubebea viatu viwemo mkobani, na soksi zikaguliwe mapema zisije zikamwaibisha mwenyewe mbele ya umati.

La pili ni upande wa bahari. Mlango-bahari wa Bosphorus unaugawa mji kati ya Ulaya na Asia, na tiketi iliyoandikwa “Istanbul” haisemi msafiri atashushwa wapi. Kituo kikuu cha mabasi cha Esenler kiko upande wa Ulaya, ilhali treni nyingi za mwendo kasi kutoka Ankara hushusha abiria Söğütlüçeşme, upande wa Asia. Viwanja vya ndege navyo ni viwili, kimoja kila upande, na aliyekwenda Sabiha Gökçen, ule wa upande wa Asia, wakati ndege yake inaruka kutoka uwanja wa Ulaya hawezi tena kuiwahi kwa teksi yoyote. Kwa hiyo kituo cha kurudia kithibitishwe kabla ya kile cha kufikia, maana usiku ndipo watu hupotea.

La tatu, na hili huwagharimu wengi bila kujua, ni kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart. Hununuliwa na kuongezwa salio kwenye mashine zilizo vituoni, na ile ya punguzo la mwanafunzi ni ya mwenye picha tu, haiazimwi. Katika treni ya Marmaray, geti la kuingilia hukata nauli ya njia nzima hata kama abiria anashuka kituo cha pili. Akishatoka getini anatakiwa atafute kifaa kidogo kilichoandikwa “İade” na kugusisha kadi, ndipo arudishiwe fedha ya mwendo ambao hakuutumia. Kifaa hicho hakimzuii mtu kupita, na aliyebanwa na umati hukiacha bila kukiona, kisha hushangaa kadi inapokataliwa kwenye geti la feri huku foleni nzima ikimngojea nyuma.

Feri yenyewe haifai kukosekana. Kutoka Eminönü, upande wa Ulaya, hadi Kadıköy, upande wa Asia, ni takriban dakika 20, kwa nauli ya kawaida ya mji, na humo abiria huona Topkapı, Ayasofya na kituo cha zamani cha reli cha Haydarpaşa huku akinywa chai; kwa maoni yangu inatosha kabisa kuchukua nafasi ya foleni ya Mnara wa Galata. Aliyezoea kivuko cha Kigamboni hatapata taabu na msongamano. Hata hivyo, ukungu wa majira ya baridi na upepo wa kusini uitwao lodos husimamisha feri ghafla, kwa hiyo asiipangie kuwa njia yake ya mwisho ya kuwahi basi. Marmaray, inayopita chini ya bahari tangu mwaka 2013, haijali upepo.

Kuhusu watu, yapo mambo mawili yanayojirudia. Mng'arisha viatu huangusha brashi mbele ya mgeni kana kwamba hakuona. Mgeni akiiokota kwa wema, hushukuriwa kwa kung'arishiwa viatu, kisha hudaiwa malipo makubwa. Na karibu na medani ya Taksim, jamaa mchangamfu anayemwalika mgeni asiyemfahamu katika baa anayoijua yeye huwa anampeleka kwenye bili isiyolipika. Brashi iachwe chini, na mwaliko ukataliwe kwa adabu.

Mwisho, mwanafunzi mwenye kadi ya ukaazi aibebe hiyo, kwa sababu polisi hukagua vitambulisho mitaani, na pasipoti aiache chumbani baada ya kuipiga picha. Akisimamishwa na mtu aliyevaa kiraia, amwombe kwanza kitambulisho chake, kisha aoneshe kadi bila kumkabidhi pochi. Namba ya dharura ya polisi, gari la wagonjwa na zimamoto ni moja, 112. Ikiwa pasipoti ilibebwa na ikapotea, aripoti kituo cha polisi na kuchukua taarifa ya maandishi kabla ya kuondoka mjini, kwani balozi za Tanzania na Kenya ziko Ankara na huko ataulizwa karatasi hiyo.